VLAN 30 iko kwenye waya gani?

Dogo ninayefanya naye kazi aliniuliza swali hilo akiwa amechuchumaa mbele ya kabati la mtandao, tochi ya simu mkononi, jasho linamtiririka kwa sababu feni ya kile chumba ilikufa zamani. "Kaka, hii VLAN 30 ya kamera iko kwenye waya gani?"

Mbele yetu palikuwa na swichi ya poti 24, yaani kifaa chenye matundu 24 ya kuchomekea nyaya za mtandao, ya ghorofa ya chini. Pacha wake alikuwa ghorofa ya pili. Jengo lile lina VLAN nne, yaani mitandao minne iliyotenganishwa kwa namba ndani ya swichi zile zile: 10 ya wafanyakazi, 20 ya simu za mezani, 30 ya kamera, na 99 ambayo sisi mafundi tunaitumia kuingia kwenye vifaa vyenyewe. Dogo alikuwa ameshafuata nyaya zote kwa kidole, akakuta kwamba kutoka swichi ya chini kwenda ya juu unapanda mmoja tu. VLAN nne, waya mmoja. Hesabu ikamkataa.

Nilitaka kucheka, nikakumbuka ya kwangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilivuta nyaya mbili sambamba kati ya swichi mbili, mmoja wa VLAN 10 na mwingine wa VLAN 20, na ikafanya kazi! Nilijiona fundi kweli. Idara ya tatu ilipohamia nikavuta wa tatu. Ilipokuja ya nne, bosi akauliza kwa upole kama nina mpango wa kumaliza poti zote kwa kuunganisha swichi na swichi, watu wachomeke kompyuta zao ukutani.

"Ziko zote humo humo," nikamjibu dogo. "Huo waya ni tranki." Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba chai, mchuzi na maji ya kunawa vimo kwenye chupa moja.

Tuanze na jina, maana lenyewe linapotosha. Sisi tuliosoma bweni, neno hili la tranki tulilijua kama tranka: lile sanduku la bati, kufuli kubwa, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mfuniko, ndani mna sare, sabuni, kikombe na chumvi. Kwa hiyo fundi mpya akisikia "poti ya tranki" anawaza sanduku. Asili ya neno kwenye mitandao ni simu. Njia kuu iliyounganisha jengo moja la mitambo ya simu na jingine, ikibeba mazungumzo ya watu wengi kwa pamoja, ndiyo iliyoitwa hivyo. Laini iliyoingia nyumbani kwako ilikuwa kitu kingine. Ukiushika mgawanyo huo, wa njia ya nyumba moja na njia ya wote kati ya mitambo, umeshaelewa nusu ya jambo. Ila sitamkataza mtu kuwaza tranka. Nalo lilibeba vitu vingi visivyohusiana, na kila kitu kilikuwa na jina la mwenyewe.

Poti ya aksesi ni ya kifaa cha mwisho: kompyuta, printa, kamera. Ina VLAN moja, basi. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema ni kwamba kifaa kilichochomekwa pale hakijui chochote kuhusu VLAN. Kompyuta ya mhasibu haijui kuwa iko VLAN 10. Ukiuhamisha waya wake kwenda poti ya VLAN 30 haitajua pia. Itashangaa tu kwamba seva ya jana haionekani. VLAN ni siri ya swichi. Imeandikwa kwenye poti.

Sasa fuatilia fremu moja, yaani kifurushi kimoja cha data. Asubuhi mhasibu anawasha kompyuta, nayo inapiga kelele: "Jamani, nani atanipa anwani?" Kelele hiyo ni fremu ya Etha-neti, lugha ya mitandao ya nyaya, iliyoelekezwa kwa wote, anwani ya mpokeaji ikiwa ni herufi F tupu, kumi na mbili mfululizo. Inaingia swichi ya chini kupitia poti ya 7. Fremu haina lebo yoyote. Swichi inatazama mlango ilimoingilia: poti ya 7 ni aksesi ya VLAN 10, basi fremu hii ni ya VLAN 10. Inaandika pia kwenye daftari lake kwamba anwani ya MAC ya kompyuta ya mhasibu, ile iliyotoka nayo kiwandani, imeonekana poti ya 7, ndani ya VLAN 10. Kisha inatoa nakala kwenye kila poti nyingine ya VLAN 10, na haigusi poti za kamera wala za simu. Hapo ndipo faida yote ilipo: kelele ya mhasibu haiwafikii wasiohusika.

Lakini seva inayogawa anwani iko ghorofani. Fremu inabidi ipande kwa ule waya mmoja, ambao kwenye swichi ya chini umechomekwa poti ya 24, nayo ni tranki. Ikitoka hivi hivi, swichi ya juu itajuaje kama ni ya mhasibu, ya simu au ya kamera? Poti iliyoingilia ni ile ile kwa wote. Kwa hiyo kabla ya kuitoa, swichi ya chini inaipasua fremu na kupachika lebo ya baiti 4, mara tu baada ya anwani ya mtumaji. Swichi ya juu inasoma lebo, inakuta 10, inaipeleka kwenye poti zake za VLAN 10, na kwenye poti ya 3 ambako seva imechomekwa inaivua lebo kwanza. Seva inapokea fremu safi, kama vile mhasibu amekaa meza ya pili.

Lebo imezaliwa swichi ya chini na kufa swichi ya juu. Umri wake ni urefu wa ule waya.

Ukitaka kuielewa vizuri zaidi, nenda kituo cha mabasi pale Mbezi Luis ukaangalie vifurushi vinavyopakiwa. Nyumbani unafunga boksi la dagaa bila kuandika kitu. Mtu wa nyumbani kwako anajua ni la shangazi. Ukifika kwa wakala, anachukua kalamu ya wino mzito anaandika: DODOMA, jina, namba ya simu. Kwa nini? Kwa sababu sasa boksi linaingia kwenye buti la basi pamoja na magunia ya Morogoro na makreti ya Singida. Buti ni moja, na bila maandishi ni vurugu. Likifika, shangazi anachotaka ni dagaa. Yale maandishi hayana kazi tena.

Zile baiti 4 nazo zina mpangilio wake. Mbili za mwanzo ni alama ya kudumu, 0x8100, inayomwambia anayesoma kwamba hapa pana lebo. Mbili zilizobaki ni biti 16: 3 za kipaumbele, ili sauti ya simu isipangwe foleni moja na faili la sinema, 1 ya kusema kama fremu hii inaweza kutupwa kwanza msongamano ukizidi, na 12 za namba ya VLAN. Biti 12 hutoa namba 4096, lakini 0 na 4095 zimewekwa kando, ndiyo maana kila kitabu cha kazi yetu kina ile namba 4094. Fremu iliyokuwa na ukubwa wa juu wa baiti 1518 inakuwa 1522. Na kwa kuwa yaliyomo yamebadilika, swichi inapiga upya hesabu ya kukagua makosa iliyo mkiani mwa fremu. Yote hayo hufanyika ndani ya chuma kwa kasi ambayo mhasibu hawezi kuihisi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Etha-neti ilibuniwa mwaka 1973 pale Xerox PARC, California, na kwa miaka mingi mtandao mmoja ulikuwa uwanja mmoja: mmoja akipiga kelele wote wanasikia. Wazo la kuugawa uwanja kwa namba badala ya kwa nyaya lilitoka maabara ya Bellcore, Marekani, miaka ya 1980, kwa W. David Sincoskie. Kisha kila kampuni ikatengeneza njia yake ya kubebea hizo namba. Cisco walikuwa na ISL, ambayo haikupachika lebo ndani ya fremu bali iliifunga fremu nzima kwenye mfuko mwingine: baiti 26 mbele, 4 nyuma. Ilifanya kazi vizuri, mradi swichi zako zote ziwe za Cisco. Mwaka 1998 ukatoka mwafaka wa wote, IEEE 802.1Q, na ndiyo huo mafundi wanaouita "doti wani kyuu" hadi leo. Swichi ya bei nafuu uliyoinunua Kariakoo na ile ya bei ya kiwanja zinaelewana kwa sababu ya mwafaka huo.

Zinaelewana, lakini hazitumii maneno yale yale, na hili limeshanigharimu siku nzima. Kwenye swichi za HP za ukoo wa ProCurve, neno "trunk" halina uhusiano na VLAN kabisa: maana yake ni kufunga nyaya kadhaa pamoja ziwe kama njia moja nene. Kule mambo yetu huitwa tagi, yaani lebo, na bila tagi. MikroTik nao, ambao wamejaa kwa watoa huduma wadogo wa intaneti huku kwetu, wanakupa daraja, orodha ya poti zenye tagi na zisizo nayo, na kitu kinachoitwa PVID, yaani namba itakayopewa fremu iliyoingia bila lebo. Ukiyaondoa majina, maswali ni yale yale: fremu ikiingia bila lebo ni ya nani, na ikitoka ivae au ivue?

Swali la kwanza ndilo linaloumiza watu. Nilimwambia dogo kwamba kwenye tranki kila fremu ina lebo, halafu ikabidi nijisahihishe. Kuna VLAN moja ambayo kwa kawaida hupita tranki ikiwa uchi. Ni VLAN asilia. Mafundi husema neitivu. Usipogusa kitu ni VLAN 1. Fremu zake hutoka bila lebo, na fremu yoyote inayoingia tranki bila lebo huhesabiwa kuwa ya kwake. Kwenye kituo cha mabasi ni kama konda aliyeambiwa: "Boksi lisiloandikwa kitu, shusha Morogoro." Haina shida, mradi konda wa zamu nyingine naye ameambiwa Morogoro.

Niliwahi kuitwa ofisi moja ambako kamera zote za juu zilikuwa zimepotea kwenye rekoda iliyoko chini. Kamera zinawaka, taa za poti zinapepesa, tranki iko hai, VLAN 30 imeruhusiwa pande zote mbili. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha kamera moja. Jioni, kwa kuchoka tu, nikachomeka laptopu yangu kwenye poti ya swichi ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuigusa, nikaiwekea kwa mkono anwani ya kundi la kamera, na kamera zote zikaitika! Rekoda, iliyo VLAN 30 halali, haizioni. Mimi niliyechomeka popote naziona.

Fundi aliyenitangulia alikuwa ameiweka neitivu ya tranki kwenye swichi ya juu iwe 30. Ya chini ilibaki 1. Kwa hiyo picha za kamera zilitoka juu bila lebo, zikafika chini, na swichi ya chini, kwa uaminifu kabisa, ikazihesabu ni za VLAN 1. Rekoda iko 30, itaziona wapi? Poti isiyoguswa ni VLAN 1, ndiyo maana laptopu yangu ilizipata. Zingekuwa Cisco zote mbili, zingepiga kelele kwenye kumbukumbu zao kwamba neitivu hazilingani. Zilikuwa za kampuni mbili tofauti, na kila moja ilikuwa imetulia, imeridhika na upande wake.

Siku hizi neitivu naiweka kwenye namba isiyotumiwa na mtu yeyote, ile ile pande zote mbili. Kuna sababu ya usalama pia: mtu mjanja aliye kwenye poti ya aksesi ya VLAN ile ile ambayo ni neitivu ya tranki anaweza kutuma fremu yenye lebo mbili, swichi ya kwanza inavua lebo ya nje, ya pili inasoma iliyobaki na kumpeleka asikotakiwa. Lakini nisiwadanganye. Mimi niliibadili kwa sababu ya zile kamera.

Orodha ya VLAN zinazoruhusiwa ndiyo iliyonipa usiku mrefu kuliko wote. Tranki kwa kawaida hupitisha VLAN zote, na fundi makini huipunguza ibebe zinazohitajika tu. Jengo fulani, mkoa mwingine, mimi niko kwangu Dar es Salaam, saa tano usiku, naongeza VLAN 40 ya Wi-Fi ya wageni. Upande wa chini niliandika vizuri. Nikahamia swichi ya juu, simu ikaita, nikaandika huku nasikiliza: "switchport trunk allowed vlan 40". Nikabonyeza.

Anayeijua amri hiyo ameshashika kichwa. Ukitaka kuongeza unaandika "add" kabla ya namba. Usipoandika, hukuongeza, umefuta orodha yote na kuandika mpya yenye 40 peke yake. 10 imeondoka, 20 imeondoka, 30 imeondoka, na 99, ambayo ndiyo njia niliyoingilia mimi, imeondoka nayo. Skrini ikaganda. Nilikuwa nimekata tawi nililokalia.

Pona yangu ilikuwa moja: sikuwa nimehifadhi. Swichi ikizimwa na kuwashwa ingerudi ilivyokuwa. Nikampigia mlinzi wa usiku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajieleza. Nikamwelekeza ghorofa ya pili, mlango wa kijivu, kabati, kile kiboksi kirefu chenye taa nyingi. Achomoe waya wa umeme, ahesabu mpaka kumi, aurudishe. Kimya kirefu. "Kijana, mimi nalinda mali ya watu. Sasa unaniambia niizime?" Ilinichukua muda mrefu kumshawishi kuliko ambao swichi ilihitaji kuwaka. Akahesabu kwa sauti, moja hadi kumi, nami nikimsikiliza kwenye simu kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Tangu siku hiyo, nikigusa tranki iliyo mbali, kwanza naiamuru swichi ijiwashe upya baada ya dakika 10. Kazi ikienda sawa nafuta amri. Nikijikata, nakaa nasubiri. Mzee wa watu analala.

Dogo aliposikia hadithi hiyo alicheka mno, halafu akauliza swali zuri kuliko la kwanza: kama VLAN zote zimo kwenye tranki moja, kwa nini kompyuta ya mhasibu isiione kamera? Wengi hudhani tranki inachanganya. Haichanganyi. Mabasi yanabeba vifurushi vya miji mingi kila siku, na mzigo wa Singida haujawahi kugeuka wa Dodoma kwa sababu tu umelala juu yake. Kutoka VLAN 10 kwenda VLAN 30 lazima upite kwa ruta (kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine), au swichi yenye uwezo wa ruta. Inaweza kuwa ruta yenye waya mmoja tu, nao ni tranki: fremu inaingia na lebo 10, ruta inakagua kama imeruhusiwa, inaitoa kwenye waya ule ule ikiwa na lebo 30. Dogo akatikisa kichwa. "Inaenda na kurudi njia moja?" Ndiyo, kwa hiyo usiweke kamera nyingi upande mmoja na rekoda upande mwingine wa ruta ya namna hiyo, maana kila picha itapita waya huo mara mbili.

Yapo mengine madogo. VLAN iliyoruhusiwa kwenye tranki lakini haijaundwa ndani ya swichi yenyewe haipiti, na ukiwa na swichi tatu mfululizo, ya katikati ndiyo inayosahauliwa. Simu ya mezani yenye kompyuta nyuma yake huifanya poti ya aksesi ibebe mbili: sauti ikiwa na lebo, kompyuta bila. Na kuna swichi za Cisco zinazojaribu kukubaliana zenyewe kama ziwe tranki. Zikiachwa zote kwenye hali ya kungoja, zinabaki aksesi kama wachumba wenye haya, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze kusalimia. Mimi huandika tranki kwa mkono, pande zote mbili, yakaisha.

Tulipomaliza kazi ile siku ya swali, nilimpa dogo utepe wa karatasi na kalamu. Akaandika kwa herufi kubwa na kuubandika kwenye waya, chini, karibu na poti ya 24: TRANKI 10, 20, 30, 99. Akapanda juu akabandika mwingine kama huo.

Wiki iliyopita tulirudi pale kwa sababu wageni walilalamika Wi-Fi yao haitoi anwani. Dogo alifungua kabati, akamulika. Kwenye utepe, baada ya 99, mtu mwingine alikuwa ameongeza kwa wino wa bluu: 40. Dogo hakusema kitu. Alichukua laptopu, akafunga kabati, akaelekea ngazini kwenda kusoma utepe wa juu.